Kuoa au kuolewa tena baada ya kufiwa: mwongozo kamili kwa wajane na wagane

Mtu akifiwa na mwenzi wake, kila analofanya lina mwenye kulisemea. Akilia sana ataambiwa anamkufuru Mungu, akinyamaza ataambiwa hakumpenda. Akikaa miaka mitano peke yake watasema ana siri, akipata mtu mwaka wa pili watasema walianzana marehemu akiwa hai. Ukilikubali hilo mapema utapumua, maana hakuna namna ya kuishi ujane au ugane itakayomridhisha kila mtu. Kilicho mikononi mwako ni mpangilio: nini kitangulie na nini kifuate, ili usijiumize wewe, usiwaumize watoto, wala jina la marehemu lisiburuzwe mahakamani.

Mpangilio ninaousimamia ni huu: msiba, mirathi, mapenzi, watoto, ndipo ndoa. Nimekaa na wajane na wagane wengi katika kazi ya usaidizi wa kisheria, na waliofika kwangu wakilia mara nyingi walianzia mwisho. Sheria ninazozitaja hapa ni za Tanzania. Aliye nchi nyingine afuate mpangilio, vifungu akaviulize kwao.

Hatua ya kwanza: Upe msiba muda wake

Kwa mjane wa Kiislamu muda wa kwanza umekwisha pangwa. Eda ni miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua. Sura al-Baqara, aya ya 235, imemruhusu mwanamume kudokeza nia yake ndani ya eda, lakini imekataza ahadi za siri na kufunga ndoa kabla muda haujatimia. Kwa hiyo anayekuja na posa waziwazi, au anayekutumia ujumbe usiku wa manane ungali kizuka, ndani ya eda, ameshakuonyesha mapema anavyoheshimu mipaka. Mgane hana eda, na Mkristo hana idadi ya siku aliyowekewa. Hapo ndipo watu hujikwaa, kwa sababu hakuna anayewaambia bado.

Majonzi hayaendi kwa mstari ulionyooka. Wiki hii unapika, unakwenda kazini, unacheka na wenzako. Wiki ijayo unakuta kofia yake nyuma ya mlango na siku nzima imeharibika. Huko kwenda na kurudi ni kawaida, na hakumaanishi kwamba umerudi ulikoanzia. Lakini kama imepita miezi 6 na zaidi na hali ni ileile kila siku, huwezi kula, huwezi kulala, huwezi kuamini kwamba amekufa, huoni sababu ya kuendelea, nenda hospitali ukaonane na mtu wa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani limeiingiza hali hiyo kwenye toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, na miezi 6 ndicho kipimo cha chini walichokiweka. Inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu.

Utajuaje kwamba uko tayari kumsikiliza mtu mwingine? Mimi naangalia mambo mawili. Je, unaweza kumtaja marehemu kwa mema na mabaya yake, bila kumfanya malaika? Na je, unaweza kukaa Jumamosi nzima nyumbani kwako peke yako bila kumpigia simu mtu yeyote kwa sababu tu ya hofu ya ukimya? Anayeukimbia ukimya humkubali wa kwanza kubisha hodi.

Kwa akina baba nina neno la pembeni. Wagane wengi huoa haraka kwa sababu nyumba imewashinda: watoto hawajafuliwa sare, mboga haijulikani inanunuliwaje, mtoto mdogo analia usiku. Wanasema wanatafuta mke, kumbe wanatafuta wa kulea. Baba, mwite dada yako akae nawe miezi michache, ajiri msaidizi wa kazi, jifunze kusonga ugali na kusuka ratiba ya shule. Nyumba ikishasimama, utamchagua mwanamke kwa kuwa unamtaka yeye. Mwanamke aliyeingia kuziba pengo la kazi hulijua hilo ndani ya mwezi wa kwanza, na linamvunja moyo kuliko umaskini.

Hatua ya pili: Funga mirathi kabla hujafungua posa

Hapa nitakaa sana, maana hapa ndipo ndoa nyingi za pili hufia zikiwa changa.

Anza na cheti cha kifo. Kifo husajiliwa ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi zake za wilaya. Bila karatasi hiyo huendi benki, huendi kwenye mfuko wa pensheni, na baadaye huendi mbele ya padri wala msajili wa ndoa.

Kisha kikao cha familia, kwa muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kinachompendekeza msimamizi wa mirathi. Mirathi inayofuata mila au Uislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi. Ya Mkristo aliyeishi nje ya mila hupelekwa mahakama za juu yake, kwa kutegemea ukubwa wa mali. Karani wa mahakama atakuelekeza. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi 4 ya kurudisha Fomu Namba 5 inayoorodhesha mali na madeni yote, kisha hesabu za mgawo katika Fomu Namba 6. Shemeji aliyeteuliwa miaka mitatu iliyopita na hajarudisha fomu hata moja si mmiliki wa chochote. Una haki ya kwenda mahakamani kuomba aitwe ajieleze, na uteuzi wake unaweza kufutwa.

Kuna uongo unaotembea sana mitaani, kwamba mjane akiolewa amepoteza haki yake ya urithi. Kwa Waislamu fungu la mjane liko kwenye Qur'ani, Sura an-Nisaa aya ya 12: thumuni (moja ya nane) kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha, na wakiwa wajane zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilo. Mgane ana robo kama marehemu mke ameacha watoto, nusu kama hakuacha. Haki hiyo inathibiti siku mwenzako anapofariki. Kuolewa baadaye hakuifuti. Zaidi ya hapo, mali mliyochuma pamoja, sehemu yako wewe haikuwa ya marehemu hata iingie kwenye mirathi, kwa hiyo itenge kwa ushahidi: risiti, mikataba ya mauziano, majina kwenye hati.

Mila ndizo zimewaumiza wengi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi kwenye shauri la wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa na ndugu wa marehemu waume zao kwa hoja ya mila. Kamati ilisema haki zao zimevunjwa. Nalitaja kwa sababu wanawake wengi hudhani jambo hilo ni la kwao peke yao, la aibu, la kunyamaziwa. Ukiwa huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi hii bure, na ofisi za TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nazo hupokea mashauri ya namna hii.

Kwa nini yote haya kabla ya mapenzi? Chukua nyumba aliyoiacha marehemu, bado haijagawanywa, watoto wanne ni warithi. Anaingia mume mpya. Anaongeza vyumba viwili na uzio, anapiga bati jipya kwa nia njema kabisa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamruhusu hakimu kuangalia hata mali iliyokuwapo kabla ya ndoa, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au kwa juhudi za pamoja. Siku mkikosana, nyumba ya marehemu imepata mdai ambaye watoto hawakumjua, na watoto wanaona mama ameiuza nyumba ya baba yao kwa mapenzi. Gawanyeni kwanza. Kila mtoto ajue fungu lake, aliye chini ya miaka 18 fungu lake lishikwe kwa maandishi. Kama wewe na mwenzi mpya mnaweza kuanza kwenye nyumba nyingine, hata ya kupanga, ni bora mara kumi.

La mwisho hapa: ikiwa unapokea pensheni ya urithi kutoka NSSF au PSSSF, nenda kaulize ofisini kwao malipo yako yatakuwaje ukioa au ukiolewa. Uliza kabla, upewe jibu kwa maandishi.

Hatua ya tatu: Ukatae kurithiwa kama hutaki

Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema, bila kujali mila yoyote inayopinga, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi popote apendapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, isipokuwa kwamba mjane wa ndoa ya Kiislamu husubiri eda imalizike. Kipige chapa ukiweke ndani ya pochi. Kuna kaka za marehemu wanaokuja na maneno ya ukoo wakitaka kukurithi uwe mke wao, na kuna wanaodai lazima "utakaswe" na mwanamume fulani ndipo uguse shamba au jiko lako. Hakuna sheria inayokulazimisha. Kulazimishwa kulala na mtu ni kosa la jinai, awe shemeji au awe mzee wa mila, na dawati la jinsia polisi lipo kwa ajili hiyo.

Kama shemeji unampenda kweli, na mmeelewana wenyewe, hilo ni jambo lenu.

Hatua ya nne: Pima

Pima VVU na homa ya ini B, na mwenzi mpya utakayempata apime, mkiwa pamoja na majibu mkayasikie pamoja. Mwenzako aliyekufa kwa ugonjwa wa muda mrefu huenda hakukueleza kila kitu. Ukikutwa na VVU, mlango wa ndoa haujafungwa: anayetumia dawa vizuri mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Kuficha ndiko kunakoua ndoa. Waliovuka miaka 45 waangalie pia presha na sukari, maana zote mbili hugusa tendo la ndoa na watu huishia kulaumiana chumbani kwa jambo la kitabibu.

Hatua ya tano: Kukutana na mtu, na kumpima

Wengi wa waliopata wenzi wazuri baada ya msiba waliwapata kwa watu wanaowafahamu: jumuiya, kwaya, darasa la dini, kikoba, kundi la waliosoma pamoja, au shangazi aliyesema "kuna mtu nataka mwonane". Usione haya kumwambia mtu mmoja unayemwamini kwamba sasa uko tayari. Mshenga hawezi kufanya kazi kwa siri usiyomwambia.

Kaa chonjo na mtu anayejitokeza mafao yakishalipwa. Habari za fedha hutembea haraka kuliko za kifo. Atakuwa mpole, atakuwa na dini, atakuwa na biashara inayohitaji kusukumwa kidogo tu. Wa mtandaoni ni hatari zaidi: mhandisi wa meli, daktari wa jeshi, mzigo wako umekwama bandarini, tuma ushuru kwa namba hii. Kanuni yangu haina msamaha: fedha isitoke kwako kwenda kwa mchumba kabla ya ndoa, iwe kwa mkopo, kwa ubia wa biashara au kwa dhamana ya benki. Anayekupenda ataweza kungoja.

Akisema ni mgane, omba kuona cheti cha kifo cha marehemu mkewe. Akisema ameachana na mkewe, omba talaka au hukumu ya mahakama. Utafanya hivyo kwa upole: "Baba fulani, mimi nitakuonyesha vyangu, na wewe nionyeshe vyako." Mtu mzima aliyejipanga hatakasirika. Nenda kwake mchana, uwaone majirani, uwasalimu watoto wake. Kama anataka uwe mke wa pili, na dini yako na moyo wako vinakubali, lijue mapema na mke wa kwanza alijue.

Weka yako mezani nawe. Ummu Salama, mumewe Abu Salama alipokufa kwa jeraha la vita vya Uhud, alipoposwa na Mtume hakukurupuka kusema ndiyo. Alieleza kwamba ana wivu, umri umekwenda, na ana watoto. Alijibiwa moja baada ya jingine: wivu Mungu ataombwa auondoe, umri hata mposaji anao, na watoto wa Ummu Salama ni watoto wa mposaji pia. Mazungumzo ya namna hiyo, ya kutaja mambo matatu yanayokutia hofu na kusubiri jibu la kila moja, nawashauri wote, wa dini yoyote.

Hatua ya sita: Watoto

Usimlete mtu nyumbani kuzoeana na watoto kabla hujawa na uhakika naye. Mtoto aliyepoteza baba halafu akamzoea anko aliyetoweka baada ya miezi mitatu, amefiwa mara mbili.

Ukishaamua, waambie wewe, ana kwa ana, na mkubwa aanze kuambiwa peke yake. Mama mmoja niliyemshauri alimwita kijana wake wa kidato cha tatu barazani jioni, akamwekea chai. Kijana akasikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo baba ndiyo basi?" Mama akamjibu, "Baba yako hana basi, mwanangu. Kuna mtu nazungumza naye. Nimetaka ulijue kwangu kabla hujalisikia kwa jirani." Kijana aliondoka na chai hakuinywa. Wiki mbili hakuongea. Mama hakumfokea, hakumbembeleza kwa simu mpya, alimwacha. Baadaye akarudi mwenyewe na swali jingine: "Anajua kama nasoma sayansi?" Hapo kazi ilikuwa imeanza.

Usimlazimishe mtoto kumwita mgeni baba au mama. Anko, shangazi, Baba Asha, Mama Juma, yote ni majina yenye heshima. Jina la baba huja lenyewe likija. Adhabu na makaripio viendelee kuwa vyako kwa mwaka wa kwanza; mwenzi mpya ajenge urafiki kwanza.

Watoto wakubwa, wenye kazi na familia zao, hupinga zaidi kuliko wadogo, na chini ya pingamizi lao mara nyingi kuna mali. Ukiwa umemaliza hatua ya pili, una jibu la kuwapa: mafungu yenu haya hapa. Utashangaa jinsi sauti zinavyoshuka.

Na sikiliza mwili wa mtoto. Mtoto anayeanza kukojoa kitandani, anayegoma kubaki nyumbani na mtu huyo, anayenyamaza ghafla, mwamini kwanza halafu uchunguze. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto na hupigwa bure. Hakuna ndoa yenye thamani ya kumziba mtoto mdomo.

Hatua ya saba: Wakwe wa zamani

Sheria haikutaki uombe ruhusa yao. Adabu inakutaka uwape taarifa. Nenda na mzee mmoja wa upande wako, chukua sukari na kitenge, mwambie mama mkwe mwenyewe: "Mama, nimekuja wewe ulijue kutoka kwangu. Watoto wataendelea kuja likizo kama zamani, na mimi naendelea kuwa mwanao." Atalia, kwa sababu kwake habari hiyo inamzika mwanawe mara ya pili. Mwache alie, usijitetee. Wapo wanaokasirika mwaka mzima kisha wakawa ndio wanaobembeleza mtoto wenu mpya aletwe waone. Katika Biblia, mama mkwe Naomi ndiye aliyemwelekeza mjane Ruthu kwa Boazi, na Obedi alipozaliwa, Naomi ndiye aliyemlea.

Hatua ya nane: Taratibu za ndoa yenyewe

Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla, kwa msajili au kwa mfungishaji wa ndoa. Beba cheti cha kifo cha mwenzi wa kwanza, nakala na halisi. Kanisani kutakuwa na matangazo, kwa hiyo watoto na wakwe wawe wameshajua kabla jina halijasomwa Jumapili. Kwa Waislamu, mwanamke aliyewahi kuolewa idhini yake lazima aitamke kwa kinywa chake. Ukimya wake hautoshi, na walii, yaani mlezi anayemwozesha, hawezi kumsemea asichokisema. Sherehe iwe ya ukubwa mnaoutaka. Wanaosema mjane haolewi kwa gauni wala ngoma hawana aya wala kifungu.

Hatua ya tisa: Ndani ya nyumba mpya

Picha ya marehemu isitupwe, na isiwe ukutani sebuleni mbele ya kiti cha mume mpya. Mahali pake pazuri ni chumba cha watoto. Nguo zigawiwe kabla ya ndoa. Acha kitu kimoja au viwili kwa kila mtoto, saa, kanzu, khanga. Siku ya kumbukumbu ya kifo waulize watoto wanataka nini, dua au misa au kwenda makaburini, na mwenzi mpya aalikwe bila kushurutishwa.

Kulinganisha kutakuja kichwani, kusiwe mdomoni. "Marehemu alikuwa hanyamazi hivi" ni sentensi inayokaa miaka. Ukilia usiku wa kwanza, mweleze mwenzako unalia nini, asije akadhani ni yeye. Kama naye amefiwa, kuna usiku mtalia wote wawili kwa watu wawili tofauti, na asubuhi mtakunywa chai pamoja.

Mali yako ya kabla ya ndoa inabaki yako, na yake inabaki yake; kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa kinasema hivyo. Mtakachonunua pamoja kiandikeni kwa majina yote mawili. Andika wosia mpya, RITA wanaupokea na kuutunza. Kisha tenga siku moja uzungukie kila mahali ulipoandika warithi: mfuko wa pensheni, benki, bima ya afya, kikoba, chama cha ushirika, na kazini. Kwenye fomu hizo mara nyingi bado kuna jina la marehemu.